Mashujaa Sita wa Mzee Ramani

OFISI YA UPELELEZI, CHUMBA NAMBA 4
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Malalamiko ya wizi wa katoni tatu za michezo ya zamani ya kompyuta
Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho, nakala imeambatishwa. Kwa kawaida huitwa Fundi Disketi
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi wa kompyuta na mthamini wa michezo ya zamani ya kompyuta
Makazi: Chumba kilicho nyuma ya karakana yake, ghorofa ya chini, jengo la wauza vioo
Tarehe: 17 mwezi huu. Kuanza: saa 2:35 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema hivi. Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe.  

Mtoto wa kiume wa Mzee Ramani, ambaye tangu utotoni humwita Bosi kwa sababu hapendi kubishiwa, na siku hizi anauza pampu za maji, analalamikiwa na dada yake kwamba aliiba katoni tatu za baba yao. Katoni zote ziko hapa mezani. Nimezihesabu mbele ya Sajenti na hakijapungua kitu, hata karatasi. Kilichopungua nilikipunguza mimi. Nilifuta disketi moja kwa mkono wangu huu, nikiwa na akili timamu na nimevaa glavu.

Sajenti ameniuliza mchezo wenyewe ni wa namna gani, kwa kuwa yeye anajua ile ya simu tu. Hii ni michezo ya mashujaa. Unaunda watu sita, unawapa majina na kazi: mmoja mpiganaji, mmoja mchawi, mwingine tabibu, mwingine mwizi wa kufungua makufuli. Halafu unawaingiza kwenye mapango na ngome, mnatembea hatua kwa hatua, na wewe mchezaji unachora ramani pembeni kwa penseli, maana mashine haikuchorei. Watu wamechora miaka na miaka. Ilitoka enzi ambazo kompyuta ilikuwa na rangi mbili na mtu akiwa nayo nyumbani majirani wanakuja kuitazama.

Siku hizi wapo wanaoikusanya. Mimi ndiye ninayewaambia kitu chao kina thamani gani. Nakagua boksi, kijitabu, ramani ya kitambaa, disketi. Napima uzito, namulika kwa taa, nachungulia kwa lenzi kona zilizochubuka, nanusa kama kuna ukungu. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii na nilikuwa najipiga kifua kwamba hakuna anayenizidi.

Jambo moja lazima Sajenti aliandike vizuri, kwa sababu kosa langu limelala hapo. Michezo hii ya mwanzo ilikuwa inaandika juu ya disketi yake yenyewe. Ukiunda shujaa wako, anakaa humo humo. Kwa hiyo disketi iliyochezwa si kama ilivyotoka kwa waliotengeneza. Sisi wa kazi hii tunasema imechafuka. Nina nakala safi za michezo mingi. Naweza kuchukua disketi iliyochafuka, nikaiandika upya kutoka kwenye nakala safi, ikawa kama siku ile ilipotoka. Tunaita kurejesha. Nilikuwa nafanya bure, kama muuza viatu anavyokupigia rangi kidogo kabla hajakufungia.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa 3:20 asubuhi, nikiwa karakanani peke yangu, aliingia Bosi akiwa amebeba katoni moja begani na nyingine mbili zikiwa kwenye kitoroli.

"Weka chini taratibu, bwana, hayo si matofali," nilimwambia.

"Kwangu mimi ni matofali," alijibu. "Ya Baba haya. Tunamhamishia kwangu, ile nyumba inavuja kila kona. Dada anataka kuhamisha hadi misumari. Wewe niambie kipi cha maana na kipi cha kutupa."

Nilimwuliza kama mzee mwenyewe ameridhia. Akasema, "Mzee hasemi. Kiharusi kilimchukua ulimi mwaka jana. Anakaa tu anabonyezabonyeza."

Fomu yangu ina mstari unaouliza kama mwenye mali ameridhia, ndiyo au hapana. Niliweka alama kwenye ndiyo. Fomu hiyo Sajenti anayo. Mtu ameniambia mwenyewe hasemi, mimi nikaandika amekubali. Siku ile sikuona ajabu yoyote, macho yangu yalikuwa yameshaingia ndani ya katoni ya pili.

Humo niliuona mchezo wa Ngome ya Chumvi. Hilo ndilo jina lake nikilitafsiri. Mchezo huo ulitengenezwa na dada wawili sebuleni kwao. Walichapa kijitabu wenyewe, wakashona ramani ya kitambaa kwa cherehani, wakauza kwenye mifuko ya nailoni. Kati yetu wakusanyaji inasemekana mifuko haikufika mia mbili. Nakala yake safi nilishatumiwa na mkusanyaji mwenzangu, lakini mfuko wenyewe nilikuwa nimeutafuta miaka kumi na tisa. Mke wangu wa zamani aliwahi kuniambia kwamba ningemtafuta yeye hivyo asingeondoka. Nilipoona ule mshono wa kitambaa nilivuta kigoda, nikakaa.

Bosi aliondoka saa 4:05. Tulikubaliana arudi tarehe 13.

Pamoja na mchezo huo kulikuwa na ramani alizochora mzee, karatasi za miraba 212. Nilizihesabu. Mzee Ramani alikuwa mchoraji wa ramani za majengo kabla ya kustaafu, na mkono wake ni wa kuvuliwa kofia, kila mlango, kila ngazi, kila shimo limewekwa mahali pake. Pembeni kulikuwa na maneno. Kwenye moja aliandika, "Hapa Mama Watoto alikataa kuvuka. Tukazunguka." Kwenye nyingine, "Siafu kaiba funguo, kakataa kusema za nini." Nilicheka. Nikaandika kwenye fomu, "Maandishi ya mchezaji pembeni, yanapunguza alama." Hivyo ndivyo nilivyoandika, naomba yabaki kama yalivyo.

Saa 5:40 nilivaa glavu mpya nikachukua disketi yenyewe. Disketi nyingine zote za mzee zilikuwa na vumbi la miaka. Hii haikuwa na chembe. Nikaandika, "Imetunzwa kwa usafi wa hali ya juu," nikaiongezea alama mbili. Sajenti, kitu kisicho na vumbi ni kitu kinachoshikwa kila siku. Hata mtoto wa darasa la pili angejua. Mimi na lenzi yangu na taa yangu sikujua.

Niliiweka kwenye mashine ya zamani ninayoitumia kupimia. Ikawaka bila kukohoa. Wakatokea mashujaa sita, kila mmoja na jina lake la utani: RAMANI, RADI, BOSI, PAMBA, SIAFU, na wa sita aliitwa BIBI, tabibu. Mchezo huu una jambo ambalo mingine haina. Kila shujaa ana kauli yake, maneno yasiyozidi herufi arobaini, unayaandika siku unapomuunda na hayabadiliki tena. Ukimchagua shujaa, kauli yake inatokea.

Niliwachagua wote sita, mmoja baada ya mwingine, nione kama herufi zinatoka sawasawa. Ya SIAFU, yule mwizi, ilisema NIPE PIPI KWANZA. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mpaka muuza vioo wa mlango wa pili akaniuliza kuna nini. Ya BOSI ilisema MIMI SIOGOPI GIZA ILA WASHENI TAA. Ya BIBI ilikuwa HII MASHINE INAKULA UMEME. Ya PAMBA ilikuwa juu ya paka. Ya RAMANI ilikuwa NIFUATENI MIMI NIMEPOTEA. Ya RADI niliisoma pia. Nakiri niliisoma.

Baada ya hapo niliirejesha.

Utaratibu wangu ni kunakili kwanza ndipo niguse. Nimewafokea mafundi wadogo kwa jambo hilo. Siku hiyo sikunakili. Sababu ni hii, na Sajenti akitaka kucheka acheke. Disketi ya umri huo, kila ukiisoma nzima kuna unga kidogo unachubuka. Kunakili ni kuisoma nzima mara mbili. Niliiona ile ya pekee, safi, nikaihurumia. Nikasema nisiisumbue. Niliihurumia plastiki, sikuwaza kabisa kwamba majina sita ni ya watu.

Kuandika upya kulichukua sekunde arobaini na nane. Nilikuwa napiga mluzi. Nikaiwasha tena, ikawa tupu, kama siku ile ya dada wawili, nikaandika kwenye fomu, "Hali: kama mpya." Chini yake nikapiga mistari miwili.

Mnamo tarehe 11, saa 4:15 asubuhi, alikuja karakanani binti wa Mzee Ramani, ambaye hushona mapazia, akiwa amemshika baba yake mkono. Mzee alikuwa na fimbo ya miguu mitatu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, shati limefungwa vifungo visivyokutana.

"Wewe ndiye unayenunua vitu vya wizi?" binti aliniuliza kabla ya salamu.

"Sinunui, dada yangu, nathamini."

"Thamini mtu, usithamini katoni! Baba hajala tangu juzi. Kaka kachukua vitu mimi nikiwa sokoni kununua uzi. Nikimwuliza ananiambia viko kwa fundi, kama vile ni redio imeharibika."

Nilimwamkia mzee. Hakuitika kwa mdomo, alinitikisia kichwa kwa adabu ya watu wa zamani. Nikavuta kiti, nikamfutia vumbi kwa kiganja. Binti alipopoa kidogo akanieleza. Tangu mzee atoke hospitali, kila siku saa nne asubuhi anakaa mbele ya mashine yake ya zamani, anaweka disketi ile, anacheza kwa mkono wa kushoto. Kuandika hawezi tena. Herufi zimemtoka zote, hata jina lake. Lakini mchezo huu unachagua kwa namba, moja hadi sita, na namba zimebaki. Anaanza na namba tano. Kauli ya Siafu ikitokea, anacheka.

"Ndiyo sauti pekee tunayoisikia kwake kwa siku nzima," binti alisema. "Daktari wa mazoezi alituambia tusimwondolee kitu hicho kwa lolote."

Na mimi nilikuwa natabasamu! Nataka Sajenti aandike hivyo. Nilikuwa natabasamu kama fundi aliyemaliza kazi nzuri. Nilimwambia mzee, "Usijali, mzee wangu. Vitu vyako viko salama, tena viko vizuri kuliko vilivyoletwa." Nikawasha mashine, nikamtolea disketi kwenye mfuko mpya niliouweka mimi, nikampa mkononi.

Aliiweka mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mashine ikasoma. Akabonyeza tano. Skrini ikaandika, kwa lugha ya waliotengeneza, kwamba hakuna shujaa, tengeneza mpya.

Mzee akaitoa. Akaiangalia lebo. Akaifuta kwa upindo wa shati, akairudisha, akabonyeza tano. Hakuna shujaa. Akafanya hivyo mara tatu. Mara ya nne hakuirudisha. Alinigeukia, akaniwekea disketi kiganjani, akanipigapiga mkono, kama mtu anavyompa fundi kitu kilichokwama ili akitengeneze.

Masikio yalianza kulia.   Nilikuwa naona midomo ya binti inacheza na simsikii. Aliniambia baadaye kwamba aliniuliza mara mbili, "Kuna nini, fundi?" na kwamba mimi nilikuwa nasema neno moja tu, "Safi, safi, safi."

Nilimwambia nimeifuta. Nilitumia neno hilo, sikusema nimeirejesha.

Binti hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikaa chini kwenye sakafu, juu ya vipande vya nyaya, akaniambia majina yale ni ya nani. Bosi ni kaka yake. Pamba ni yeye. Bibi ni mama mzaa baba, aliyekuwa akizunguka nyuma yao akizima taa. Siafu alikuwa mdogo wao, aliandika kauli yake mwenyewe akiwa na miaka saba, kwa kidole kimoja, akilia kwamba hapewi zamu. Alifariki kwa homa mwaka uliofuata. Radi ni mama yao. Ana miaka sita kaburini.

"Picha za Siafu ziko mbili, zote kaangalia pembeni," alisema. "Sauti yake haipo popote. Ilikuwa hiyo tu."

Nilimwambia ya Siafu naikumbuka, nikamtajia. Akanikata. "Hiyo sote tunaijua. Ya mama. Ya mama ilisema nini?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kauli ya Radi hakuna mtoto aliyewahi kuiona. Mama alipoiandika aliwafukuza wote sebuleni, isipokuwa mume wake. Tangu siku hiyo mzee akichagua namba mbili anafunika skrini kwa kiganja, anasoma kupitia vidoleni. Wakimwuliza, alikuwa akisema, "Hiyo yangu." Walikua hivyo, wakaoa na kuolewa hivyo, na hawakuchungulia. Baada ya kiharusi binti mara nyingi alikuwa peke yake na ile mashine, na hakuchungulia. Alikuwa anangoja baba yake aondoe kiganja mwenyewe.

"Ni watu wawili tu duniani walioisoma," aliniambia. "Baba hawezi kusema wala kuandika. Umebaki wewe."

Niliinamisha kichwa. Nilitafuta, Sajenti. Nilitafuta kama mtu aliyeangusha pete kwenye mchanga. Naona mahali ilipokaa kwenye skrini. Naona ilikuwa maneno matano, au sita. Naona herufi zilikuwa zimetoka vizuri, hakuna iliyokatika, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa naliangalia. Zile za kuchekesha zilibaki kwa kuwa zilinichekesha. Ile nyingine niliikagua, sikuisoma.

Mzee alikuwa ananitazama. Yeye alikuwa ameshaelewa, pengine kabla yetu. Alichukua kalamu yangu kwa mkono wa kushoto, akavuta fomu ya uthamini, akaigeuza upande mweupe. Binti alisimama haraka. Mzee akachora mraba. Akachora mlango, kwa alama ile ile ya kwenye ramani zake, na ngazi ya kushuka, imenyooka kama ya mtu mzima wa afya. Halafu kalamu ikafika mahali pa kuandika neno, ikasimama.  Akajaribu tena, kikatoka chumba kingine. Alichora vyumba saba. Neno halikutoka hata moja.

Hapo nilifanya jambo la aibu kuliko la kufuta. Nilidanganya. Nilishindwa kuvumilia macho ya yule mzee, nikasema, "Nimekumbuka! Ilisema NAKUPENDA SIKU ZOTE MUME WANGU."

Binti alianza kulia, akamgeukia baba yake. Mzee alitikisa kichwa. Hakukasirika. Alitikisa mara moja tu, kukataa, akainua fimbo yake wakatoka. Binti alifika mlangoni akarudi hatua moja. "Angalau ungekaa kimya," alisema. Saa hizo ilikuwa 5:25. Nasikia alasiri ile ile ndipo alipokuja hapa kituoni kumlalamikia kaka yake.

Sajenti ameuliza kama disketi iliyoandikwa upya inaweza kurudishiwa ya zamani. Kuanzia mchana wa tarehe 11, na kutwa ya tarehe 12 mpaka askari walipokuja kuchukua katoni saa 9 alasiri, nilijaribu kila ninachokijua. Nilimpigia simu mtu aliyenifundisha kazi hii, sasa ni mzee na amestaafu. Aliniuliza, "Uliiandika vizuri?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi haipo." Niliifanya kazi yangu vizuri mno.

Mnamo tarehe 13, saa 4 kasoro dakika tano asubuhi, nilisikia fimbo ya miguu mitatu kwenye korido. Mzee Ramani alikuwa amekuja, binti yuko nyuma yake na uso umemvimba. Sikujua nijifiche wapi. Mzee alikaa kwenye kiti kile kile. Mashine ilikuwa imezimwa, katoni ziko kwenu. Alikaa ananitazama mdomoni.

"Anataka ujaribu," binti alisema. "Sijui nimwelezeje. Toka asubuhi ananivuta kuja huku."

Nikajaribu. Nilianza na mambo ambayo mke anaweza kumwandikia mume. Kila nikisema, mzee anatikisa kichwa. Nilikuwa na daftari, nikawa naandika nilichokwisha kutaja nisirudie. Siku hiyo nilitaja kauli thelathini na moja. Zote hapana. Saa 5 akainuka, akanipa mkono, akaenda zake. Tarehe 14 akaja. Tarehe 15 akaja. Mimi ni mtu mwongeaji, Sajenti anashuhudia, lakini sijawahi kuishiwa maneno kama mbele ya yule mzee.

Tarehe 14, mzee akiwa bado hajaondoka, aliingia Bosi, ametoka kwa dhamana. Niliona ataleta vurugu, nikasogeza taa. Hakuleta vurugu. Alisimama nyuma ya kiti cha baba yake, jitu zima lenye kitambi, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilidhani anabonyezabonyeza tu. Fundi, naapa. Nilidhani ni mikono tu inacheza." Halafu akaniuliza, "Ya kwangu ilisemaje? Mimi nimesahau." Nikamtajia, kwamba haogopi giza ila wawashe taa. Alijishika mdomo akatoka nje, na kutoka ndani tulimsikia analia kule kwa wauza vioo. Dada yake alimfuata. Sijui walisemezana nini, lakini walirudi pamoja.

Jana, tarehe 16, saa 4:40 asubuhi, nikiwa kwenye kauli ya mia moja na nane, nilikuwa nimechoka na nasema chochote kinachonijia. Nilisema kitu chenye neno "ngoja". Mzee alinidaka kifundo cha mkono. Kwa ule mkono mzima, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, alama yake hii hapa. Nikalirudia peke yake, ngoja. Akafumba macho, akatikisa kichwa juu chini. Ndiyo.

Nimelivalisha lile neno kila namna. Nani amngoje nani, wapi, mpaka lini. Zote amekataa. Tuna neno moja. Nilipomwangalia binti yake alikuwa ameshika ukuta.

Ninaloliomba kwa jeshi la polisi ni hili. Bosi alikosea kwa kutouliza, lakini alichochukua kimerudi chote. Mimi ndiye niliyeona majina ya watu nikayaita uchafu. Kama kuna kifungu cha sheria cha jambo hilo sikijui, na kama hakipo basi niandikwe tu hivyo hivyo bila kifungu. Niko tayari kuja kila nitakapohitajika, isipokuwa kuanzia saa 4 mpaka saa 5 asubuhi, muda huo nina mtu.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, na ambalo sikulikumbuka nimesema silikumbuki. Hayo ni yangu yote.

Saini ya shahidi: (ametia saini)
Kumaliza: saa 3:40 asubuhi

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika haya kama yalivyosemwa na shahidi, nikamsomea yote, akakiri kuwa ni sahihi. Vielelezo ni katoni tatu, vimehakikiwa dhidi ya orodha, hakuna upungufu. Shahidi aliomba sahihisho moja. Kwenye aya ya kufutwa kwa disketi nilikuwa nimeandika maneno "kwa bahati mbaya". Alisema yeye hakuyatamka, na akaomba niyaondoe. Nimeyakata kwa mstari mmoja mbele yake, naye ametia saini pembeni ya mstari huo.

Sajenti, Ofisi ya Upelelezi